Namna ya Kusoma Fedha Kabla ya Kununua Tai

Kijana akichaguliwa kusoma Shahada ya Benki na Fedha, ukoo mzima hupandishwa cheo siku hiyo hiyo. Mama anakuwa Mama Meneja. Shangazi anatangaza habari kwenye kikao cha harusi isiyomhusu. Mjomba naye anaanza kupigia hesabu mkopo wa Fuso, kutoka kwenye benki ambayo mpwa wake hajawahi hata kuingia kuuliza salio. Na mpwa mwenyewe, badala ya kuuliza ada ni kiasi gani, anauliza tai nyekundu inapatikana wapi Kariakoo.

Mwongozo huu ni wa mpwa huyo. Tutataniana njiani kwa sababu njia ni ndefu, lakini kila ushauri uliomo umeandikwa ufuatwe.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kusoma nini

Fedha kama somo ina maswali matatu: fedha itoke wapi, iwekwe wapi, na hasara ikitokea ibebwe na nani. Miaka mitatu yote ya chuo ni kuyarudia maswali hayo kwa mtu mmoja, kwa kampuni, kwa benki, kisha kwa serikali. Ili kuyajibu utahitaji uhasibu, uchumi, takwimu, sheria ya biashara na hesabu. Narudia: hesabu. Kuna wanaoikimbia hesabu tangu kidato cha pili, wakachagua fedha wakidhani ni somo la kuvaa vizuri. Wanaikuta imewatangulia darasani, imekaa kiti cha mbele, inawasubiri.

Vyuo vipo vya kutosha. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Ipo Mzumbe, kipo Chuo cha Uhasibu Arusha, ipo shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chagua kwa kuangalia masomo yanayofundishwa na nafasi za mafunzo kwa vitendo. Ukubwa wa geti hautakusaidia siku ya mtihani.

Hatua ya pili: anza na bumu lako

Mwanafunzi wa fedha hupewa maabara yake mapema kuliko mwanafunzi wa udaktari. Maabara hiyo ni bumu, ile pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Wiki bumu linapoingia, bweni zima linanuka kuku wa kukaanga, na watu wasiojuana wanaitana "bosi". Wiki chache baadaye mabosi hao hao wanagawana kiporo na kujadili bei ya muhogo. Asubuhi yake wanaingia darasani kusoma usimamizi wa mtaji.

Usiwe mmoja wao. Siku bumu linapoingia, ligawe kwa idadi ya wiki zilizobaki kabla ya lingine, uondoe akiba kwanza, kisha ule kinachobaki. Andika kila shilingi. Na kumbuka kuwa hilo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi kulilipa. Kila paja la kuku unalokula leo lina mwenyewe, naye anaijua namba yako.

Kuhusu mkeka wa kubeti, nitasema kwa kifupi. Kampuni ya kubeti huajiri watu waliofaulu takwimu, nao wamepanga malipo ili kwa jumla kampuni ibaki na faida. Mwanafunzi wa fedha anayebeti bumu lake anashindana na kitabu chake mwenyewe, tena upande unaoshindwa.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kausha damu

Somo litakalokushughulisha kuliko yote ni thamani ya fedha kulingana na wakati. Wengi hukariri fomula yake hadi siku ya mtihani, wakaitema mlangoni wakitoka. Wewe ijaribu mtaani. Mama ntilie anakopa shilingi 100,000 kwa mkopeshaji wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, arudishe 130,000 baada ya mwezi. Anayesikiliza kijuujuu anasema elfu thelathini si mbaya. Hebu iache riba hiyo izae riba kwa miezi kumi na miwili: deni linafika shilingi 2,329,809. Kwa mtaji wa sufuria mbili na mfuko wa mchele.

Sasa weka asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wa daraja la pili. Kwa mwendo ule ule deni linaishia kwenye shilingi 151,107. Tofauti ya namba hizo mbili ni meza, ni jiko, ni ada ya mtoto. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Waliokuwa wakikopa humo hawakuwa wajinga. Walikuwa na shida, na hakukuwa na mtu karibu wa kuwapigia hesabu. Mtu huyo ulitakiwa uwe wewe, uliyekuwa bwenini unakariri fomula.

Hatua ya nne: weka desa chini, shika gazeti

Desa, yale majibu na nukuu za kunakili kutoka kwa waliotangulia, lina heshima yake. Limewavusha wengi mwaka wa kwanza, na maswali ya mitihani iliyopita husaidia kujipima. Ila aliyesoma desa peke yake hujulikana mapema: anajua jibu la swali la mwaka juzi, na la mwaka huu anahitaji sapu, yaani mtihani wa marudio.

Dawa ipo, na bei yake ni ya gazeti moja. Benki zetu hutangaza hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Kata ukurasa huo, kaa nao jioni nzima. Tazama mizania: amana za wateja ni kiasi gani, mikopo iliyotolewa ni kiasi gani. Tafuta mikopo chechefu, yaani ile ambayo wakopaji wamesuasua kuilipa, uone kama imevuka asilimia 5 ya mikopo yote, ambayo Benki Kuu inaitumia kama kipimo. Kisha shika ya benki nyingine, uzilinganishe. Ukifanya hivyo kila robo mwaka hadi umalize chuo, utaingia kwenye usaili ukiwa na maoni yako mwenyewe, na wasaili wataweka kalamu chini wakusikilize.

Fuata pia soko la hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi. Chagua kampuni mbili, andika bei zake kila wiki kwenye daftari, na kila bei ikipanda au ikishuka jaribu kueleza kwa nini. Mara nyingi utakosea. Endelea.

Hatua ya tano: zijue kazi, kisha mweleze mjomba

Benki ni mlango mmoja tu, na unapoingia huanzii ofisi yenye zulia. Unaanza dirishani, unahesabu noti za watu, na jioni zikipungua unatafuta hadi zionekane. Au unakuwa afisa mikopo. Watu humwona afisa mikopo kwenye tangazo akiwa kwenye kiti cha kuzunguka. Mimi nawaona wengi juu ya pikipiki, kofia kichwani, wakitafuta duka ambalo mwenyewe alisema liko sokoni na kumbe lilihama mwezi uliopita. Ni kazi ngumu, na ni shule bora kuliko zote. Humo unajifunza kumtambua mfanyabiashara kwa kuangalia rafu zake kabla hujafungua daftari lake.

Nje ya benki uwanja ni mpana. Kampuni za ukaguzi zinakutuma kukagua hesabu za mkoa usioujua. Kampuni za bima zinahitaji watu wa kupima hatari na kulipa madai kwa haki. Mifuko ya pensheni, NSSF na PSSSF, inashika uzee wa wafanyakazi na inahitaji watu wa kuuwekeza kwa akili. Madalali wa hisa, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kampuni za simu zenye huduma za fedha, Mamlaka ya Mapato, halmashauri, SACCOS za walimu na za wakulima wa kahawa: zote zinaajiri. Benki Kuu nayo tangu Januari 2024 inaendesha sera yake kwa kupanga riba, na inahitaji wachambuzi wa kupima riba hiyo inafikaje kwa muuza nyanya.

Jua pia kuwa shahada haikufanyi mhasibu aliyesajiliwa. Ukitaka hadhi hiyo, bodi ya wahasibu NBAA ina mitihani yake ya CPA. Ukielekea kwenye uchambuzi wa uwekezaji, mtihani wa CFA una ngazi tatu, na wengi hupumzika baada ya kila moja. Amua baada ya kuonja kazi yenyewe. Kukusanya herufi nyuma ya jina bila kujua utazitumia wapi ni gharama.

Kuhusu mjomba: mweleze kwa adabu, ukiwa umekaa, kwamba mkopo wa Fuso utatoka kwa dhamana na mzunguko wa biashara yake, hata kama meneja angekuwa mpwa wake wa damu. Kisha msaidie kuandaa hesabu za biashara hiyo. Hapo utakuwa umemfaa zaidi kuliko kumpenyezea faili.

Hatua ya sita: kwenye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, omba kazi

Wapo wanaomaliza fildi wakiwa mabingwa wa kutoa nakala na kujua nani anakunywa chai bila sukari. Ukiona wiki ya pili imeisha hujagusa hesabu yoyote, mfuate msimamizi uombe kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Ni kazi ya kuchosha ambayo ofisi nyingi huikwepa, kwa hiyo utapewa kwa furaha. Humo ndimo makosa na wizi huonekana. Ukikosa ofisi kubwa, nenda kwenye SACCOS au kikoba cha mtaani kwenu, ujitolee kupanga vitabu vyao. Kikoba chenye akina mama thelathini kina mikopo, riba, faini, gawio na ugomvi. Kozi nzima imo humo.

Hatua ya saba: jifunze kueleza

IFM ipo kwenye Mtaa wa Shaaban Robert, uliopewa jina la mtu aliyeanza kazi kama karani wa forodha, akihesabu mapato ya wengine, kisha akawaandikia watu wa kawaida kwa Kiswahili wanachokielewa. Msomi wa fedha anahitaji mikono yote miwili aliyokuwa nayo: wa hesabu na wa maelezo. Mwaka 2009 DECI, mpango wa kupanda na kuvuna fedha, ilipofungwa, watu wengi walikuwa "wamepanda" akiba zao humo wakiahidiwa kuvuna mara mbili. Hesabu ya mpango wa aina hiyo ni fupi: anayevuna leo analipwa na anayepanda leo, na siku wapandaji wakiisha, shamba linafungwa. Aliyesoma fedha angeweza kuieleza kwa dakika tano chini ya mwembe. Wengi wa waliojua walikaa kimya, na miradi ya namna hiyo imerudi mara kadhaa tangu hapo ikiwa na majina mapya.

Kwa hiyo wewe unayejaza fomu sasa, jiulize mawili. Je, naweza kuvumilia hesabu? Je, naweza kushika mali ya mtu mwingine mwaka mzima, nikairudisha kamili na maelezo yake? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, soma fedha. Nchi ina kazi nyingi za kukupa. Ukisita kwenye la kwanza, tafuta mwalimu mapema. Ukisita kwenye la pili, chagua kozi nyingine.