Sultani Kagoma Kuvuka Zebra

Tangu Jumamosi makonda wa Segerea wananiita Mama Farasi. Jana nilishuka kituo kimoja kabla ya changu ili nimkwepe mmoja wao, nikatembea juani na viatu vya kubana, na bado daladala yake ikanikuta njiani. Akachomoza kichwa mlangoni: "Mama Farasi! Sultani hajambo?" Abiria wote wakageuka kunitazama. Nikaitikia hajambo, maana ni kweli hajambo. Mwenye jambo ni mimi.

Sultani ni farasi wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe usoni na heshima kubwa kwa nafsi yake. Mimi ni balozi wa vijana wa mpango unaompeleka kwenye shule za uswahilini, watoto wamwone, wamguse, wajifunze kumpenda mnyama. Jumamosi ilikuwa zamu ya shule moja ya msingi huku kwetu. Fuso lililombeba likashindwa kufika getini kwa sababu ya bajaji na meza za wauza nyanya, likaegesha ng'ambo ya barabara. Mzee wetu saisi alikuwa bado anahangaika kurudisha garini mbao alizomshushia mnyama. Mratibu akanitazama, akautazama mkanda wangu ulioandikwa BALOZI WA VIJANA kwa herufi za dhahabu, akanikabidhi kamba. "Mvushe tu mdogo wangu, zebra si hiyo hapo?"

Zebra ilikuwa hapo kweli, imepakwa rangi upya, inameta. Daladala ya kwanza ikasimama, na tukio hilo peke yake kwa barabara zetu lilistahili kupigwa picha. Bodaboda wawili wasio na kofia walipoona kwato wakageuza pikipiki papo hapo na kutokomea uchochoroni. Sikushangaa. Mkazi wa Dar es Salaam akiona farasi, wazo la kwanza ni Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, na wazo la pili ni kukimbia. Nikajisikia mtu mwenye mamlaka. Nikanyoosha mgongo, nikapiga hatua.

Sultani hakupiga.

Alifika kwenye mstari mweupe wa kwanza, akauangalia, akapandisha masikio, akagoma. Nikavuta kamba. Akavuta yeye. Ana zaidi ya kilo 400, na mimi hata ukinipima na mkanda wangu sifikishi 60, kwa hiyo mjadala huo haukuchukua muda. Daladala ya pili ikasimama nyuma ya ile ya kwanza, kisha lori la mchanga, kisha foleni ikarefuka hadi kule ambako watu wanapiga honi bila kujua wanampigia nani.

Mtaa ukajaa ushauri. "Dada, mtie gia!" "Huyo kaishiwa bando!" Mama wa maandazi akaniambia kwa huruma, "Mwanangu mbembeleze, mnyama ana woga huyo." Konda wangu, huyu huyu wa jana, akashuka kabisa kwenye gari lake na kuanza kuwatangazia abiria kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya harusi ya kifalme. Kisha kijana mmoja aliyekaa juu ya ukuta akatoa kauli iliyowaangusha watu kwa kicheko: "Huyo hajalipwa posho, ndiyo maana kagoma!"

Hiyo kauli nitairudia baadaye, maana iliniuma mahali pake. Kwanza nieleze jicho.

Usiku ule sikupata usingizi, nikasoma habari za jicho la farasi mpaka simu ikaisha chaji. Ni miongoni mwa macho makubwa kabisa kwa wanyama wa nchi kavu. Limekaa ubavuni mwa kichwa, na mboni yake imelala kwa upana, hivyo anaona karibu duara zima, nyuzi 350 hivi, bila kugeuza shingo. Sehemu asizoziona ni mbili: nyuma kabisa ya mkia, na mbele kabisa ya paji la uso wake. Sasa fikiria balozi anayesimama mbele kabisa ya paji la uso huku akimvuta na kumwambia "twende baba". Kwake alikuwa anavutwa na sauti.

Rangi anazozipambanua vizuri ni za upande wa buluu na njano, nyekundu inampotea. Akitoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli, jicho lake huchelewa kuzoea kuliko la kwetu. Na akitaka kukagua kilicho chini karibu na miguu yake, lazima ainamishe kichwa. Akitaka kuona mbali, lazima akiinue. Kijitabu cha mabalozi, ambacho nimekisoma chote na ninakumbuka hadi ukurasa wenye picha ya mfadhili, kinaagiza kamba ishikwe fupi, chini ya kidevu, "kwa usalama". Nilimshika fupi. Kwa hiyo mnyama asiyejua kama lile jeusi katikati ya meupe ni lami au ni shimo, nilimnyima njia yake ya pekee ya kujua.

Wala si kichaa chake yeye peke yake. Kule Marekani ya magharibi, wafugaji wa ng'ombe wanaweka vyuma sambamba juu ya shimo pale barabara inapoingia shambani, ili gari lipite na ng'ombe ashindwe. Baadaye wakagundua kwamba sehemu nyingine hata shimo si lazima. Ukichora mistari tu kwenye lami, ng'ombe anafika, anatazama, anarudi. Mistari myeupe juu ya lami nyeusi. Yaani waliopaka ile zebra walimchorea Sultani geti, halafu mimi nikatumwa nimpitishe.

Na hapo bado sijafika kwa zebra mwenyewe, pundamilia wa porini, ambaye ndiye sababu mojawapo ya farasi kuwa kioja hapa kwetu. Kuna ugonjwa wa virusi unaoenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma jioni na alfajiri. Farasi asiyechanjwa akiupata, homa inapanda, juu ya macho panavimba, mapovu yanatoka puani, na wengi hawaponi. Pundamilia anavibeba virusi hivyo hivyo mwilini na kuendelea kula majani, haumwi hata mafua. Ongeza mbung'o na nagana yake, utaelewa kwa nini bara letu la ndani lilisafiri kwa miguu na mizigo ikaenda vichwani mwa wapagazi. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliingia kuwafukuza Wajerumani likiwa na askari wa farasi kutoka Afrika Kusini. Kwenye safari ya kwenda Kondoa peke yake walikufa farasi kwa mamia, na masika yakamalizia. Wajerumani nao, kabla ya hapo, walikuwa wamejaribu kufuga pundamilia karibu na Kilimanjaro ili wachukue nafasi ya farasi. Pundamilia akawang'ata. Anapong'ata haachii upesi. Mradi ukafa, pundamilia akabaki na uhuru wake miaka mingi kabla yetu sisi.

Basi pale Segerea tulisimama wote, mimi, Sultani na historia, hadi mzee saisi alipomaliza mbao zake akaja polepole, akijifuta mikono. Hakuigusa kamba. Alitazama foleni, akamwita kijana wa mkokoteni wa maji aliyekuwa naye anasubiri kuvuka. "We mwanangu, tangulia." Kijana akatangulia, madumu yakigongana. Mzee akaniambia, "Mlegezee." Nikalegeza. Sultani akainamisha kichwa hadi pua ikakaribia kugusa mstari, akapuliza, akainua shingo, akaufuata mkokoteni kwa adabu mpaka getini. Farasi ni mnyama wa kundi. Mwenzake akipita salama, naye anapita, hata kama mwenzake huyo ni madumu ya njano.

Watu wakashangilia. Hawakunishangilia mimi. Walimshangilia kijana wa maji, wakapiga naye picha, na mratibu akatoa shilingi 5,000 mfukoni akampa hapo hapo, mbele ya macho yangu, akamwambia asante sana umetuokoa.

Nirudi kwa yule kijana wa ukutani. Alikosea mnyama. Sultani analipwa. Kwa siku anapata karibu kilo nane za majani makavu, pumba, na jiwe la chumvi la kulamba. Anakunywa maji lita 30 na zaidi kukiwa na joto, na joto Dar lipo. Kwato zake zinachongwa kila baada ya wiki sita hadi nane na fundi anayekuja na vifaa vyake. Ana chanjo, ana daktari, na dirisha la banda lake lina wavu wa kuzuia usubi jioni. Mimi nilipewa fulana moja, mkanda, cheti, na ahadi kwamba nauli "itarejeshwa". Fulana yenyewe ilikuwa ya saizi ya mratibu. Nikiuliza habari za nauli, naambiwa ninapata uzoefu. Uzoefu wa nini? Kazi za farasi nchi hii zinahesabika kwa vidole, na zilizo nyingi zinataka kwanza uvae kombati za polisi.

Sioni haya kusema hivi, kwa sababu sipo peke yangu. Vijana mtaani kwetu ni mabalozi wa mazingira, wa usafi, wa amani, wa kunawa mikono. Kila mpango unataka sura ya kijana kwenye bango, na hakuna anayeuliza hiyo sura imekula nini asubuhi. Na siku ile ile, kule shuleni, mtoto wa darasa la tatu aliyepanga foleni juani ili aguse pua ya Sultani kwa sekunde chache aliniuliza, "Dada, sisi tutampanda lini?" Nikamjibu jibu la kijitabu, kwamba leo ni siku ya kumfahamu rafiki yetu. Siku za kumpanda zipo. Zinafanyika upande wa Masaki, zinalipiwa kwa saa, na watoto wanaokuja wana kofia zao wenyewe na wanamwita Sultani kwa jina lingine, la Kizungu. Yule mtoto alinitazama vizuri tu, akaenda zake. Nadhani alielewa kuliko nilivyotaka aelewe.

Mengine ya siku hiyo ni madogo. Sultani alimwaga kinyesi wakati wa wimbo wa shule, kwenye ubeti wa pili. Mama mmoja alisoma mkanda wangu, akaniletea barua ya dhamana nimgongee muhuri. Mkanda wenyewe Sultani aliula mwishoni, kwa sasa umebaki BALOZI WA VI.

Leo asubuhi mratibu ametuma ujumbe. Wiki ijayo tunakwenda Temeke, mabalozi wote wajitegemee usafiri, Sultani atakuja na Fuso. Nikamwandikia nikauliza kwa heshima zote kama naweza kupata nafasi nyuma pamoja naye, maana sisi wawili tunazoeana sasa. Jibu likaja haraka kuliko majibu yake yote ya nauli: haiwezekani dada, bima inamhusu farasi peke yake.