Sifa za Rauta

Rauta ya nyumbani ni kasha dogo la plastiki lenye taa nne au tano, na linastahili sifa kuliko chombo kingine chochote kilichomo nyumbani, kwa kuwa hakuna kingine kinachotukanwa kila siku bila kujibu. Televisheni ikikwama husamehewa. Rauta hubeba makosa yake pamoja na ya mnara, ya umeme, ya bando, na ya kijana aliyepakua filamu nzima usiku wenzake wamelala.

Ndani ya kasha hilo mna watumishi wawili, ingawa matusi hupokelewa kwa jina moja. Wa kwanza ni modemu, inayogeuza mawimbi yatokayo nje kuwa data, na data kuwa mawimbi. Kazi hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 1962 kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa modemu ya Bell 103, iliyosafirisha biti 300 kwa sekunde kwenye waya wa simu; kwa mwendo huo, picha moja ya harusi yenye megabaiti 3 ingefika baada ya saa 22 hivi. Wa pili ni rauta yenyewe, ambayo hupokea muunganisho mmoja na kuugawa kwa simu, kompyuta na televisheni za nyumba nzima. Kwa nje nyumba huonekana kuwa na anwani moja. Kwa ndani kila kifaa hupewa anwani yake, mara nyingi inayoanza na 192.168. Ni utaratibu ule ule wa shule yenye S.L.P. moja: barua zote huingia sanduku moja, na karani hukumbuka ipi ni ya nani. Karani huyu wa plastiki hapokei posho.

Katika kata ya Nyakakika wilayani Karagwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kagera, modemu ya nyumbani kwa kawaida haingoji waya. Hutiwa laini, iliyosajiliwa kwa alama za vidole kama laini nyingine zote, na kutegemea mnara. Hapo ndipo madeko yake hujitokeza. Kilima kikisimama kati yake na mnara, hununa. Bati huyarudisha mawimbi, ukuta wa tofali za kuchoma huyapunguza, na migomba iliyoizunguka nyumba, kwa kuwa imejaa maji, huyanywa. Kwa hiyo rauta hudai dirisha linaloelekea mnarani, mahali pa juu, pa heshima, ambapo hata picha ya babu haikupata kuwekwa. Hata hivyo haijawahi kuomba migomba ifyekwe, na huo ni unyenyekevu wa kupigiwa mfano.

Wi-Fi inayotolewa humo ndani hutumia zaidi masafa ya gigahezi 2.4 na 5. Yale ya 2.4 ni makombo: yalikuwa yameachiwa mitambo ya kupasha joto, ikiwemo oveni ya maikrowevu, hadi Marekani iliporuhusu mwaka 1985 yatumiwe pia kwa mawasiliano bila leseni ya kila mtumiaji. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka upesi ukutani. Anayetaka kusoma ujumbe akiwa jiko la nje hufaidi zaidi makombo.

Kipaji kikubwa cha rauta ni kusema kweli bila kueleweka. Simu inapoonyesha Wi-Fi imejaa, maana yake ni kwamba simu na rauta zinasikilizana vizuri. Kuhusu rauta na mnara haisemi lolote. Siku Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya kidato cha nne, ukurasa ukagoma kufunguka kwa wingi wa watu, anayepigwa kofi ni rauta, ingawa taa zake zote ni za kijani na yeye ndiye pekee aliyefanya kazi yake. Njia ya kuitendea haki ni fupi: taa ya umeme kwanza, kisha ya mnara, kisha salio la bando.

Na bando ndilo shitaka kubwa. Simu nyingi hudhani kwamba Wi-Fi yoyote ni ya bure, hivyo zikiipata tu huanza kusasisha programu na kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, mambo ambayo hazikuthubutu kuyafanya kwa bando la simu. Kifurushi cha mwezi huweza kuisha mapema, na familia hukubaliana kwamba rauta inakula. Haijala kitu, imekuwa mkarimu tu kwa wageni wenye njaa. Ukarimu huo hupunguzwa kwenye mipangilio ya simu yenyewe, kwa kuitambulisha Wi-Fi hiyo kuwa mtandao unaopimwa.

Rauta pia hupenda safari. Kuelekea Murongo wilayani Kyerwa, mpakani na Uganda, au kuelekea Mto Kagera unaoitenga Tanzania na Rwanda, kifaa kilichoachwa kijichagulie mtandao kinaweza kudaka mnara wa ng'ambo. Laini isiporuhusiwa huko, intaneti hukatika. Ikiruhusiwa, salio huondoka kwa bei ya ugenini. Kuchagua mtandao kwa mkono huirudisha nyumbani.

Tiba yake maarufu ni kuzimwa na kuwashwa. Tiba hii si uchawi: kumbukumbu iliyojaa husafishwa, na modemu hujiandikisha upya mnarani. Umeme ukikatika bila taarifa hutoa huduma hiyo bure, kwa hiyo fundi mwenye bidii kuliko wote ni giza. Asiyependa fundi huyo anaweza kutumia betri ya sola, kwani rauta nyingi huhitaji volti 12 na hutumia wati chache tu. Ila volti zilizoandikwa kwenye adapta ndizo za kufuata, na betri iliyojaa huzidi 12, hivyo kisawazisha volti huwekwa katikati.

Ulinzi wake ni nenosiri. Kinga ya WPA2, iliyokuja mwaka 2004, hudai herufi au tarakimu zisizopungua nane, na watu wengi hutii kwa kuandika 12345678, jambo linalowafurahisha sana vijana wanaokaa nje ya uzio jioni. Lipo pia nenosiri la pili, la kuingilia mipangilio, ambalo mara nyingi huachwa kama lilivyotoka kiwandani. Yote mawili yakisahaulika, kuna kitundu kidogo nyuma. Kikibonyezwa kwa sindano sekunde kumi hivi, kila kilichowekwa hufutika na kasha hurejea kwenye jina na nenosiri lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake, ile ambayo watoto huwa wameshaibandua.