Oili na Mafuta Tu

Mwaka niliochoka kusimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwapa la mtu nisiyemjua likiwa juu ya paji la uso wangu, nilinunua daftari. Si gari, daftari. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma hanunui gari kwa kuambiwaambiwa. Lilikuwa la kurasa 96, jalada gumu, nikalipigia mistari kwa rula: jina la gari, ukubwa wa injini, maksi za wataalamu, maksi za wenye magari, wastani. Mke wangu alichungulia begani akauliza kama naandikisha watoto wa darasa la kwanza.

Niseme mapema kwamba gari jipya kwetu si lililotoka kiwandani. Ni lililotoka melini.

Nilianza na wataalamu. Huko Marekani wapo Consumer Reports, ambao huwauliza wanachama wao magari yamewasumbua wapi, na wapo J.D. Power, ambao huhesabu matatizo katika kila magari 100 yaliyofikisha miaka mitatu. Miaka mitatu! Kwetu gari la miaka mitatu lina dereva wake, na bosi yuko kiti cha nyuma na kiyoyozi. Nikasoma wanacholalamikia: miaka ya karibuni kilio chao kikubwa ni skrini, na simu kukataa kuunganika na gari. Nikatafuta walipoandika habari za bushi, za vumbi, za tuta lisilopakwa rangi unalolikuta saa mbili usiku ukiwa na trei ya mayai kiti cha mbele. Sikuona. Toyota na Lexus walikuwa juu, kama kawaida yao, nikawaandikia 9 kwa wino mwekundu bila furaha yoyote. Hilo hata konda wa daladala angeniambia bure.

Kilichoniteka ni karatasi ya mnada. Gari likiuzwa mnadani Japani huwa na cheti chake, na vyeti vile nilivipenda kuliko magari yenyewe. Kuna mchoro wa gari lililopasuliwa likatandazwa kama ng'onda, na juu yake herufi: A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni bati lililokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Namba inayofuata herufi ikikua, jua na kidonda kimekua. Pembeni kuna daraja la jumla. 4.5 ni nguo ya sikukuu, 3.5 ni nguo ya kazini, na R maana yake ilishachanika ikashonwa. Nilikaa usiku nikisoma karatasi hizo kwenye simu hadi mke wangu akadhani nina mtu.

Nikaja kwa wenye magari. Niliwahoji watu 23, na wote 23, wasiojuana, walinijibu kwa maneno yale yale: "Hii gari haijawahi kunisumbua. Oili na mafuta tu." Mwenzangu wa ofisini aliniambia hivyo nikiwa namsukumia lake liwake. Jirani yangu aliniambia hivyo akiwa amelala chini ya gari. Mahojiano yote nilifanya na viatu vyake. Siwalaumu. Mtu aliyetoa milioni 13, akaongeza na kodi ya uchakavu, hawezi kusimama mbele ya jirani akakiri kwamba amenunua ugonjwa.

Fundi wangu, mwenye gereji chini ya mwembe, aliniangalia nikijaza maksi akacheka hadi spana ikamdondoka.

"Bosi, usimuulize mtu mdomo. Fungua buti."

Tukazunguka magari yaliyokuwa pale. La kwanza, ambalo mwenyewe alishanipa 8 kwa 10, lilikuwa na dumu la maji la lita tano: hilo linachemsha. La pili, kamba nene iliyokunjwa vizuri kwa mikunjo ya mtu mzoefu: hilo linavutwa. La tatu lilikuwa na kopo la oili lililobaki nusu, likiwa limesimamishwa kwenye kona kwa tambara ili lisianguke. "Huyu anaongeza kila Ijumaa," fundi akasema, kwa sauti ya daktari anayesoma faili la mgonjwa. Kisha akaninyooshea kidole barabarani, kwenye kijiwe cha teksi za mtandaoni: IST, IST, Passo, IST. "Wale wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Gari likilala gereji, wanalala njaa. Unataka maksi gani tena?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga daftari. Lakini IST nilishaziona mno. Mtaani kwetu ziko nane, na jamaa mmoja aliwahi kuingia ya jirani yake, akafunga mkanda kabisa, ndipo akashangaa kuona kiti cha mtoto nyuma na yeye ni kapera. Nilitaka kitu tofauti. Nikapiga wastani wa maksi za wenye magari kwa kikokotoo, mara mbili, na gari moja likaongoza kwa 10 kamili.

Sitataja kampuni. Haina kosa, kosa ni la hesabu. Gari hilo katika daftari langu lilikuwa na mmiliki mmoja tu, mzee mstaafu wa hapo Kimara, aliyenipa saa nzima, chai ya tangawizi na ushuhuda uliojaa kurasa mbili. Miaka sita, hata plagi hajabadilisha. Ukimhoji mtu mmoja akasema 10, wastani ni 10. Hisabati haina aibu.

Nikaliagiza, likaja. Daraja la 4, ndani B, kilomita 62,000. Fundi akainama upande wa dereva, akapitisha kidole kwenye pedali ya breki. Mpira wake ulikuwa umelika hadi mistari imefutika upande wa kulia, laini kama kandambili ya bibi. Akaangalia usukani unaong'aa, akaangalia 62,000, akaniangalia mimi. "Huyu Mjapani alikuwa na mguu mzito," akasema, akafunga mlango taratibu.

Redio yake inaishia 90, kwa kuwa imetengenezwa kwa masafa ya kwao, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Kwa hiyo tunasikiliza mahubiri au tunasikilizana. Na kila asubuhi nikiwasha, mwanamke anasema jambo kwa Kijapani, kwa adabu lakini kwa msisitizo. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Korogwe alimwitikia "Marahaba, mwanangu" kila siku kwa wiki mbili, hadi akaniuliza kwa nini mtoto mwenye heshima vile hatumkaribishi ndani. Mimi niliamini anatahadharisha kuhusu injini. Nilimpeleka fundi amsikilize, na fundi, kwa umakini wote, akabadilisha kichujio cha hewa. Mwisho nikampata jamaa aliyesoma Japani. "Anasema hujaweka kadi ya kulipia barabara."

Kero yenyewe ilianza kwenye giaboksi. Ni ile ya CVT, isiyo na gia za kuhesabika ila mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na ina mafuta yake peke yake. Fundi wangu alikuwa msibani, nikaenda kwa wa mtaa wa pili, ambaye falsafa yake ilikuwa kwamba mafuta ya giaboksi ni mafuta ya giaboksi. Baada ya siku tisa gari lilikuwa linanguruma kama linapanda Kitonga, kumbe tuko Ubungo, tambarare, na bajaji inatupita ikiwa na kabati.

Kutafuta giaboksi nyingine, niliingia maduka sita ya vipuri huko Gerezani. Muuzaji anachukua namba ya chesi, anaingia nyuma, anakaa muda wa kunipa matumaini, anarudi mikono mitupu. "Hiyo ipo Dubai." Duka la pili, Dubai. Duka la tatu walikuwa nayo ya IST, wakaniuliza kama siwezi kujaribisha.

Nilikwenda kwa yule mzee, nimuulize fundi wake ni nani.

"Fundi? Sina fundi, kijana."

"Shikamoo tena, Mzee. Kwani huwa unakwenda nalo wapi?"

Akanyoosha kidole. Mnara wa kanisa ulionekana pale pale kibarazani tulipokaa. Kila Jumapili, kwenda na kurudi, na kama kuna jua kali.

Giaboksi ilifika baada ya wiki tano. Bei yake nimeiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, kwa penseli, ili mke wangu asiione vizuri.

Mwezi uliopita kijana mgeni pale ofisini aliniomba lifti hadi Ubungo. Alipanda, akapapasa dashibodi, kisha akatoa simu, na nikaona amefungua ukurasa wenye safu: jina la gari, injini, maksi.

"Kaka, na hii vipi? Nimeipenda. Inasumbua?"

Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na risiti ya shokapu, bado ina joto la duka. Kwenye buti dumu lilikuwa linagongana na kamba.

"Hii? Haijawahi kunisumbua," nikasema. "Oili na mafuta tu."

Akaandika. Nikawasha gari, na yule mwanamke akasema neno lake.

"Na huyo anasemaje?"

"Anasema hivyo hivyo."