Tumbo Langu, Mabingwa Tele

Kijiji chetu kizima cha Kirongwe, kisiwani Mafia, ni mabingwa wa tumbo langu. Shemeji kasema ni chango. Jirani yangu fundi cherehani kanitazama tu mlangoni, akatamka: amiba. Mzee wetu wa barazani anaapa nimetupiwa jini, tena la baharini. Bibi lawama zote kampa pweza. Na hakuna anayekuja mikono mitupu: huyu muarobaini, yule habasoda, mwingine kombe. Ningeyanywa yote ningeelea hadi Bweni.

Jamani, ninachoumwa ni kolaitisi ya vidonda. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, imeuvamia utumbo mpana na kuutia vidonda, kama mgambo anayemkamata aliyemwajiri. Ndugu yake ni ugonjwa wa Crohn, ambao hauchagui pa kushika: kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, popote panaufaa. Burrill Crohn na wenzake wawili, Ginzburg na Oppenheimer, waliuandika New York mwaka 1932. Heri yao hawakuanzia barazani kwetu, wangeambiwa chango.

Kuupata ukweli ni safari. Hospitalini Kilindoni wanaanza na choo, kutafuta amiba na minyoo, na wana haki: kichocho na kifua kikuu cha utumbo huweza kufanana sana na haya maradhi. Kisha rufaa ya Dar es Salaam. Niambieni, mtu anayekimbilia chooni kila mara anavukaje bahari hadi Nyamisati, bara? Wenzangu walikuwa wakiuliza maboya yako wapi. Mimi nauliza choo, na kama kuna mtu ndani.

Nafika Dar, napewa dawa ya kuharisha! Mimi, niliyekuja kwa kuharisha! Eti utumbo usafike, kamera iingie, wakate na vinyama vidogo vya kupima maabara. Kamera yenyewe inapita njia ambayo sitaitaja mbele ya wakwe.

Sasa nameza vidonge kila siku, na hapo ndipo mabingwa wamerudi kwa kishindo. “Si umenenepa? Viache!” Hapana, shemeji. Ugonjwa huu hutulia, kisha huamka, na dawa ndiyo inayoubembeleza usiamke. Hauambukizi, kwa hiyo acheni kunitengea kikombe cha kahawa. Na pweza hakuuleta, ingawa ukichachamaa vipo vyakula vinavyonikera.

Basi nawaomba. Ukiharisha kwa wiki kadhaa, ukaona damu chooni, mwili ukapungua na tumbo likakuamsha usiku, usipite barazani kuomba ushauri. Nenda hospitali, na ukiambiwa uendelee kupimwa, endelea. Muarobaini wenu nimeupokea, ahsanteni; nimemwagia mchicha, wadudu wamekimbia.