Rili ya Bei Poa: Majibu kwa Wasomaji Walioumia

Barua zilizoifikia safu hii zinahusu dhiki ya aina moja, nayo ni ununuzi wa rili ya bei nafuu kupitia mtandao, rili ikiwa ni kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kuhifadhi mshipi na kuuvuta kwa kuzungusha mkono. Dhiki nyingine za waandishi, zikiwemo mbili za ndoa, zimewekwa kando kwa kuwa zilionekana kuzaliwa na hiyo ya kwanza.

Mwenye Beringi Nyingi, wa Tanga, anaeleza kwamba alichagua rili iliyotangazwa kuwa na beringi "13+1", akiamini kuwa kitu chenye beringi nyingi kuliko baiskeli yake hakiwezi kumwangusha, lakini haukupita muda mkono wake ukaanza kukwaruza kila ulipozungushwa. Anauliza iwapo alipunjwa hesabu.

Huenda hakupunjwa hata moja. Katika maandishi hayo, namba ya kwanza huhesabu beringi za gololi, yaani pete zenye vijipira vya chuma vinavyopunguza msuguano, na ile moja inayofuata alama ya kujumlisha ni beringi ya vijiti, ambayo kazi yake ni kuuzuia mkono usirudi nyuma. Hesabu yaweza kuwa kamili na rili ikawa mbovu, kwa sababu idadi haisemi lolote kuhusu ubora: Penn, kampuni iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, huitangaza rili yake ya Battle III kwa beringi 5+1 tu, ila zile 5 ni za chuma kisichoshika kutu na zimezibwa ili maji ya chumvi yasipenye. Maelezo ya muuzaji yafaa yasikilizwe kama maneno ya mshenga, ambaye huusifu urefu wa bwana harusi bila kudanganya hata kidogo, lakini madeni yake hayataji. Lisilotajwa hapa ni madini yaliyotengenezea gia, maana gia ya aloi laini ya zinki huliwa meno mapema hata ikizungukwa na beringi mia.

Bwana Kilo Kumi na Nane, wa Kilifi, ana msiba mkubwa zaidi. Rili yake ilisifiwa kuwa na breki ya kilo 18, naye akaikaza hadi mwisho ili apate thamani ya fedha yake, kisha kolekole mmoja akaukata mshipi wa kilo 10 na kuondoka na ndoana.

Breki ya rili ni sahani nyembamba zilizopangwa ndani ya bobini, sehemu inayozungushiwa mshipi, ambazo husuguana ili samaki anayekimbia apewe mshipi kwa shida badala ya kuukata. Kwa desturi ya wavuvi wa fimbo, breki hurekebishwa iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo mshipi wa kilo 10 huhitaji breki ya kilo 2.5 hadi 3.3 hivi, na kilo zinazobaki ni za kuwasimulia majirani. Kinachopaswa kutafutwa ni ulaini, yaani breki inayoachia bila kushtukashtuka, na jambo hilo hupimwa kwa kufunga ncha ya mshipi kwenye mizani ya kuning'inia, ileile ya muuza samaki, na kuvuta polepole. Ikumbukwe pia kwamba rili nyepesi ya plastiki, ikikazwa kwa nguvu kubwa, hupinda shingo kabla samaki hajachoka.

Msomaji wa Lamu anauliza maana ya "5.2:1" na kama nyota tano za wanunuzi ziaminiwe. Mkono ukizungushwa mara moja, kichwa cha rili huzunguka mara 5.2, hivyo bobini yenye kipenyo cha sentimita 5 huvuta mshipi wa sentimita 82 hivi. Ama nyota, nyingi hutolewa siku mzigo unapofika, wakati kilichokwisha kujaribiwa ni boksi.

Mwisho yupo Aliyechekwa, wa Bagamoyo, ambaye wajomba zake walijaza changu ndani ya ngalawa kwa mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, huku rili yake mpya ikiwa imeganda kwa chumvi. Ajue kwamba palipo na mwamba chini ya chombo, chubwi huteremka wima na kiganja ndicho breki, kwa hiyo wajomba hawakuwa na upungufu wowote; rili hudhihirisha faida yake ufukweni, panapohitajika kurusha mbali. Siku nyingine aikaze breki kwanza ili maji yasiingie kwenye sahani, aisuuze rili kwa maji baridi yanayotiririka taratibu, kwa kuwa maji ya kasi husukuma chumvi ndani, aifute, kisha ailegeze breki kabla ya kuihifadhi. Kuhusu wajomba, safu inashauri awabebee chambo.