Sifa za Injini Isiyouzika

Washairi wa Kiswahili wamesifu wafalme, mitume, vipenzi na majahazi, hata mnazi wameutungia beti. Injini kuukuu ya Land Rover, iliyong'olewa garini pamoja na gia boksi yake na kulazwa chini ya mwembe ikisubiri mnunuzi, haijaambulia hata kibwagizo. Hii ni dhuluma. Wa kuiondoa ni mimi, kwa sababu mbili: naishi Mwansabombwe, mji unaojua kusifu, na injini yenyewe ni yangu.

Mwansabombwe ndipo makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Jumamosi ya mwisho ya Julai watu humiminika hapa kwa sherehe ya Mutomboko, Mwata akacheza mbele ya umati, upanga na shoka mikononi, kukumbuka safari ya wahenga wake kutoka magharibi. Hapa mtu hasifiwi juu juu. Kwanza utaje alikotoka.

Basi nianze na ukoo. Mwaka 1947, inasimuliwa, Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alichora gari kwenye mchanga wa ufuo wa Red Wharf Bay, kisiwani Anglesey, Wales. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa Amsterdam. Vita vilikuwa vimekwisha lakini chuma bado kilikuwa cha mgawo Uingereza, hivyo bodi likaundwa kwa alumini. Injini ninayoiuza, ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ni ya mfano ulioingia kwenye Land Rover mwaka 1958. Wangapi kati yetu wanaweza kutaja asili yao kwa tarehe?

Huo uamuzi wa alumini ndio ulioniletea utajiri huu. Gari la chuma likifa, huzikwa zima zima na kutu. Land Rover ikifa, wasubu wa sufuria huja wakiwa wamekwisha kunoa misumeno. Bodi la gari langu sasa limetawanyika majikoni, na naamini limesonga ugali wa muhogo mwingi kuliko abiria liliowabeba. Kilichobaki ni mzigo mzito ambao hakuna mpishi anayeutamani, yaani injini na gia boksi. Vyote viwili ni vyangu na havina mpinzani.

Sasa maadili yake. La kwanza ni kutokuwa na makuu. Mgandamizo wa silinda zake ni saba kwa moja tu, kwa hiyo haichagui petroli. Mimina ya kituoni, mimina ya dumu lililovuka ziwa kwa mtumbwi, itakohoa kwa adabu na kuendelea. Betri ikifa, kuna mpini wa kuzungushia kwa mbele. Magari ya siku hizi betri ikizima hukuacha njiani bila hata kukupa kazi ya kufanya.

La pili ni malezi. Gia boksi hii ni ya zamani: gia ya tatu na ya nne zina kilinganishi, ya kwanza na ya pili hazina. Ukitaka kurudi gia ya pili mlimani, kanyaga klachi, toa gia, achia, piga resi kidogo, kanyaga tena, ndipo uingize. Ukikosea, itakukemea kwa mlio wa meno ambao kijiji kizima kitausikia na kujua nani anaendesha. Pembeni mwa gia kuna vishikio viwili, cha njano cha kukandamiza ili magurudumu ya mbele nayo yavute, na chekundu cha kuvuta nyuma kwa ajili ya gia nzito za topeni. Dereva aliyelelewa na vishikio hivyo habishani na matope. Hujiandaa kabla hajayafikia.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Injini inayonguruma hutawanya watu. Mwanao itampeleka Mansa, binamu yako itamfikisha Kitwe, mchumba wa fulani itamvusha mpaka Lubumbashi, na wengine hawarudi. Injini iliyolala inayouzwa haimpeleki mtu popote. Huwaita wote na kuwakalisha.

Njoo umwone mnunuzi. Hafiki moja kwa moja. Husalimia wenye nyumba, huuliza hali ya watoto, hulaumu mvua, kisha kama aliyekumbuka jambo husema, "Hivi kale kachuma bado kapo?" Kachuma! Kitu kilichobebwa na wanaume sita na gogo la mti. Huchutama. Huvalisha spana kwenye nati ya puli ya mbele na kuisukuma taratibu, na hapo uwanja mzima hushusha sauti, kwa maana sote tunataka kujua kama pistoni zimeshika. Puli ikizunguka robo, hutokea mguno wa kuridhika hata kwa wasio na hisa. Kisha huchomoa kijiti cha oili, huipaka kidoleni, huisugua, hunusa. Hufungua kifuniko cha juu kutafuta rangi ya maziwa, dalili kwamba gasketi imeungua na maji yamechanganyika na oili. Mwisho hulegeza bolti ya chini ya gia boksi, huingiza kidole cha shahada na kukitoa juani kukagua kama kimetoka na chengachenga za chuma.

"Inavuja hapa, fundi."

"Haivuji, kaka. Inajipaka."

Mimi sikuwahi kuwa msemaji. Ni injini hii iliyoniumba. Moshi wake wa zamani nimeueleza kuwa ulikuwa wa kufukuza mbu. Kugonga kwake kwa ndani, ambako mwenye roho mbaya angesema imenoki, nimekuita mapigo ya moyo. Kila kasoro imenidai sitiari, nami nimelipa.

Wanaokuja ni watu wa kila namna. Mvuvi wa Kashikishi anataka kuifunga kwenye boti. Mwenye chigayo anataka izungushe mashine yake hiyo ya kusaga muhogo, lakini akisikia inakunywa petroli, si dizeli, hukumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mfanyabiashara kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, anataka gia boksi peke yake na yuko tayari kulipa dola. Huyo ndiye adui wa amani. Injini na gia boksi zimeishi zimefungana bolti kwa bolti tangu kiwandani. Kuzitenganisha ni kuvunja nyumba ya watu. Nimemwambia talaka sitoi, akaketi, akanywa maji, tukaongea kuhusu bei ya samaki wadogo wa chisense hadi jua likazama.

Msimu nao una hekima yake. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, na pesa ya wavuvi wa Nchelenge hukauka kama dagaa juu ya mchanga. Miezi hiyo hakuna anayeweza kununua chochote, na ndiyo miezi injini yangu hupata wageni wengi kuliko wakati wowote, kwa kuwa kukagua ni bure. Machi uvuvi ukifunguliwa, pesa hurudi na kukimbilia nyavu. Injini hubaki. Mnunuzi hubaki rafiki, hali ambayo ingekoma siku ile ile ambayo angelipa na kugundua ukweli.

Wenye haraka watasema huu ni uchuro. Wanatusahau. Nchi hii ya Kazembe imezoea mfanyabiashara aliyekwama, na haijamwonea haya. Mwaka 1806 Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi waliotumwa na Wareno kutoka Angola, walifika kwa Kazembe, wakakaa miaka kama minne kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Tete. David Livingstone alipofika Novemba 1867, makao yakiwa wakati huo karibu na bwawa la Mofwe, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiwa hapo kwa miaka, akamwombea ruhusa ya kuondoka. Mbele ya wazee hao, injini yangu bado haijamaliza hata kujitambulisha.

Wala sijui wivu kwa masoko makubwa. Gerezani jijini Dar es Salaam, Grogan kule Nairobi, Kisekka pale Kampala, injini huingia asubuhi, huoshwa kwa dizeli ing'ae kama bwana harusi, na jioni imekwenda na mtu asiyejulikana. Ni biashara, sikatai, lakini hakuna aliyepata shemeji kwa njia hiyo. Arusha nako, mwaka 2024, waliziandalia Land Rover tamasha zima, zikapita barabarani kwa msururu. Heshima kwao. Ila zile zilikuwa zinatembea, na kumsifu anayetembea hakuhitaji imani.

Kuna na huyu kijana wa skrepa, mwenye mizani begani, anayepita akiniambia aipime kwa kilo. Nimemweleza kwa upole kwamba kwa kilo huuzwa kisichokuwa na jina, na hii ina namba iliyogongwa ubavuni. Asiyeamini asugue kutu asome.

Kwa hiyo wewe msomaji, kama unayo Land Rover iliyopoteza moyo, ujue moyo upo, pamoja na gia zake nne za kwenda mbele, ya nyuma moja, na vishikio vyote viwili, cha njano kikiwa kimebakiza rangi upande mmoja. Njoo na spana yako. Njoo na watu sita na gogo. Bei ni maelewano, lakini nikuonye mapema: kila ninapoisifu naiona inazidi thamani, na makala haya yameiongezea kwacha ambazo asubuhi sikuwa nimezifikiria. Wahi kabla sijaandika sehemu ya pili.