Kalamu ya Jaji

Mwaka 1992 kundi la muziki la Seo Taiji and Boys lilipanda jukwaani na wimbo wao kwenye televisheni ya MBC, Korea Kusini. Majaji hawakuona kitu. Wakalipatia alama za mkiani. Wimbo ule ule ukaja kuitikisa nchi nzima.

Miongoni mwa vijana wale watatu alikuwamo dansa Yang Hyun-suk. Kundi lilipovunjika 1996, akaanzisha kampuni ya muziki inayojulikana leo kama YG: akaacha kucheza, akaanza kuchezesha. Mwishoni mwa 2011 huyo hapo kwenye shindano la televisheni la K-pop Star, kaketi kiti cha jaji na Park Jin-young na BoA, wanamuziki wenzake, wakiwapima watoto wa watu.

Basi wanangu, mkipewa alama za mkiani msilie. Huenda mnaandaliwa ukurugenzi.